Methali, Misemo na Vitendawili vya Vijijini Ayalandi: Semi Ndani na Nje ya Orodha

Ikisiri

Makala haya yanachunguza methali, misemo ya kila siku na vitendawili vya jamii za vijijini nchini Ayalandi, hasa kama vilivyohifadhiwa katika mkusanyiko uliofanywa na wanafunzi wa shule za msingi kati ya mwaka 1937 na 1939. Hoja kuu ni kwamba semi zilizopangwa katika orodha chini ya kichwa cha "Methali" ndizo zinazomweleza mtafiti machache zaidi. Semi zilizoandikwa bila kukusudiwa, ndani ya maelezo ya kazi na mila, ndizo zinazodhihirisha nani alizisema, kwa nani na kwa ajili gani. Vitendawili vina historia tofauti: kwa kuwa vingi vimesimama juu ya taswira, vilivuka kutoka Kiayalandi kwenda Kiingereza kwa wepesi ambao methali zilizosimama juu ya sauti na sarufi hazikuupata. Ulinganisho na Kiswahili umefanywa pale tu unapoangaza jambo.

Istilahi muhimu: methali, vitendawili, muktadha, ukusanyaji, Kiayalandi

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi ya Kiswahili anayezifikia semi za Ayalandi hukutana na mambo anayoyajua katika mavazi asiyoyajua. Yai ni nyumba isiyo na mlango. Aliyeshiba hamwelewi mwenye njaa. Mtoto wa paka hawezi kufanya lingine ila kuua panya, kama vile mtoto wa nyoka alivyo nyoka. Mfanano huu unavutia, na ndio unaoweza kumpoteza, kwa sababu humfanya aamini kwamba kazi yake ni kupanga jozi: moja ya huku, moja ya kule. Vitabu vya methali za dunia vimejaa jozi za namna hiyo, na faida yake kwa taaluma ni ndogo.

Upo uhusiano wa kina zaidi baina ya pande hizi mbili. Ruth Finnegan, aliyeandika Oral Literature in Africa (1970), ni mzaliwa wa Derry, kaskazini mwa kisiwa cha Ayalandi. Kitabu hicho kina sura za methali na vitendawili, na kilisisitiza kwamba matini ya utanzu simulizi haieleweki ikitengwa na utendaji wake. Hoja hiyo imezoeleka kwa wanafunzi wa fasihi simulizi Afrika Mashariki kiasi kwamba hurudiwa bila kupimwa. Makala haya yanairudisha kisiwani alikozaliwa mwandishi wake na kuijaribu huko, mahali ambapo kuna hazina kubwa ya maandishi, na ambapo wengi waliokuwa wakizitumia semi hizo hawapo tena.

Semi hapa zina maana aliyoitumia Mulokozi (1989): utanzu unaokusanya methali, vitendawili, mafumbo na tungo fupi nyingine za aina hiyo. Istilahi za Kiayalandi zenyewe zinafaa kutazamwa kwanza. Methali huitwa seanfhocal, yaani sean, "-a kale", na focal, "neno". Anayeitumia huitanguliza kwa mar a deir an seanfhocal, "kama lisemavyo neno la kale". Mswahili husema wahenga walinena, na mamlaka huwekwa mikononi mwa watu waliotangulia. Kwa Mwayalandi neno lenyewe ndilo linalosema. Ipo hata methali inayohusu methali, Ní féidir an seanfhocal a shárú, "Neno la kale haliwezi kushindwa", ambayo hutumiwa kumfunga mdomo anayebisha.

Kitendawili ni tomhas. Neno hilo pia ni "kipimo", na kitenzi chake, tomhais, ni "pima" na vilevile "kisia". Katika Kiswahili kitendawili hutegwa. Anayejibu amejinasua au amenaswa, na akinaswa hutoa mji. Isingefaa kujenga falsafa ya taifa zima juu ya asili ya neno moja, lakini tofauti hii ina mwenzake katika utendaji. Ayalandi haina mwito na kiitikio kilichoenea nchi nzima kama Kitendawili! na Tega!, wala desturi ya kudai mji. Baadhi ya vitendawili vya Kiingereza vya vijijini hutanguliwa na maneno ya mwito yasiyo na maana yoyote zaidi ya mlio wake, na basi. Kitendawili hutolewa, wasikilizaji hukisia, jibu hutajwa, kingine hufuata.

2.0 Daftari za watoto

Tume ya Fasihi Simulizi ya Ayalandi, Coimisiún Béaloideasa Éireann, iliundwa mwaka 1935 chini ya uongozi wa Séamus Ó Duilearga. Wakusanyaji wake walizunguka vijijini wakiwa na mashine za kurekodia sauti na madaftari, wakitafuta wazee waliojua ngano ndefu. Mwaka 1937 Tume, kwa kushirikiana na wizara ya elimu na walimu, ilianza mpango mwingine: wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za msingi, wenye umri wa miaka 11 hadi 14 hivi, wawaulize wazazi, babu, bibi na majirani, kisha waandike walichoambiwa kama zoezi la insha. Seán Ó Súilleabháin, mtunza kumbukumbu wa Tume, alitayarisha mwongozo wenye mada 55. Shule zipatazo 5,000 za kaunti 26 za dola ya wakati huo zilishiriki, pamoja na zaidi ya wanafunzi 50,000, na mpango ulipofungwa mwaka 1939 kurasa zilizokuwa zimeandikwa zilikaribia 740,000. Hazina hiyo, inayoitwa Bailiúchán na Scol, "Mkusanyiko wa Shule", imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dublin (UCD), na sehemu kubwa yake inasomeka katika tovuti ya dúchas.ie.

Ubora wa mpango huu ni kwamba mara nyingi ukurasa hutaja mtoto aliyeandika, mtu mzima aliyesema, na kitongoji wanakoishi. Udhaifu wake umo katika mada 55 zenyewe. Mada moja ni methali, nyingine vitendawili, nyingine ishara za hali ya hewa. Nyingine ni usukaji wa maziwa, uhunzi, minada ya mifugo, viazi, chakula cha zamani, visima vitakatifu, wakati wa njaa. Mpangaji alizitenga tanzu na maisha, kama ambavyo mpangaji yeyote angelazimika kufanya, na mtoto akatii.

Jambo la pili ni lugha. Sensa ya mwaka 1851, iliyokuwa ya kwanza kuuliza swali la lugha, ilihesabu wasemaji wa Kiayalandi milioni 1.5 hivi, chini kidogo ya robo ya watu wote. Hesabu hiyo ilifanywa mara tu baada ya njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 kwa ugonjwa wa viazi, ambamo watu wapatao milioni moja walikufa na wengine milioni moja wakahama, na walioathirika zaidi walikuwa maskini wa maeneo ya magharibi yaliyosema Kiayalandi. Shule za taifa, zilizoanza mwaka 1831, zilifundisha kwa Kiingereza. Mtoto aliyesikika akisema Kiayalandi aliweza kuvishwa kijiti shingoni, bata scóir, kilichokatwa alama moja kwa kila kosa, na adhabu ikalingana na alama. Msomaji aliyepitia maelezo ya Ngũgĩ wa Thiong'o kuhusu kifungo kilichopitishwa mkononi mwa wanafunzi wa Kikuyu hahitaji kuelezwa zaidi. Kufikia mwaka 1937 wanafunzi wengi waliandika kwa Kiingereza mambo ambayo bibi zao, au mama wa bibi zao, waliyasema kwa Kiayalandi.

3.0 Chini ya kichwa cha "Methali"

Kurasa za methali katika daftari hizi hufanana. Mtoto huandika kichwa, huweka nambari, na kuorodhesha: kumi, ishirini, thelathini. Mara chache huongeza maana. Msomaji wa Kiswahili atazitambua mara moja, kwa kuwa hivyo ndivyo zilivyo kurasa za vitabu vingi vya methali vya shule. Vitabu vya wataalamu wa Ayalandi navyo havikuwa mbali na mpango huo. Énrí Ó Muirgheasa alikusanya methali za Ulster (1907), An Seabhac za Munster (1926), na Tomás Ó Máille za Connacht katika juzuu mbili (1948, 1952); ni kazi kubwa, zilizopangwa kwa mada, na bila hizo utafiti wowote usingewezekana.

Orodha inahifadhi nini? Inahifadhi umbo, na umbo la methali ya Kiayalandi linastahili kukaliwa kwa muda.

Kiayalandi kina kitenzi kishirikishi is kinachosimama mwanzoni mwa sentensi na kufuatwa na kiarifu, kiima kikaja mwisho. Is maith an t-anlann an t-ocras: neno kwa neno, "Ni -zuri kitoweleo njaa", yaani njaa ni kitoweleo kizuri. Is binn béal ina thost: "Ni mtamu mdomo ulionyamaza". Hukumu hutamkwa kabla ya kujulikana kinachohukumiwa. Msikilizaji amekwisha kuambiwa "ni tamu", anangoja kujua ni nini kilicho kitamu, naye huletewa mdomo uliofungwa. Kiswahili kina umbo linalokaribia hapo katika methali za heri: Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Kiayalandi husema Is fearr… ná…, "Ni bora… kuliko…", na mifano ni mingi. Mmoja wake ni Is fearr an tsláinte ná na táinte, "Afya ni bora kuliko makundi ya ng'ombe". Neno táinte ni makundi ya mifugo na hapohapo ni utajiri, kwa kuwa katika Ayalandi ya kale mali ilipimwa kwa ng'ombe. Mmasai au Mnyankole angeielewa methali hii haraka kuliko mkazi wa London.

Nguvu ya methali hiyo, hata hivyo, haimo katika ng'ombe tu. Imo katika kina cha sláinte na táinte. Ikitafsiriwa kwa Kiingereza kina hupotea, ng'ombe hugeuka "mali", na kinachosalia ni ushauri wa daktari. Ndivyo ambavyo Haba na haba hujaza kibaba ingebaki ikinyang'anywa b zake. Filleann an feall ar an bhfeallaire, "Hiana humrudia mhaini", imejengwa juu ya mzizi mmoja, feall, unaorudi mwishoni mwa sentensi ukiwa umevaa kiambishi cha mtenda, kama vile hiana inavyomrudia aliyeitenda. Mchimba kisima huingia mwenyewe ina wazo lilelile, lakini haina mchezo huo wa mzizi. Kiswahili kingeweza kuupata kikitaka, kwa kuwa nacho huunda mtenda kutoka katika kitenzi. Kiingereza kinaupata kwa shida.

Kipo pia kipengele cha wakati. Kiayalandi kina umbo la mazoea la kitenzi "kuwa", bíonn, lililo tofauti na tá ya hali ya sasa. Bíonn blas ar an mbeagán, "Kidogo huwa na ladha". An té a bhíonn siúlach, bíonn sé scéalach, "Mwenye kutembea huwa na visa". Mswahili hahitaji maelezo: hii ni hu- yake, kiambishi cha methali kuliko vyote. Kiingereza sanifu hakina umbo maalumu la namna hiyo kwa kitenzi "kuwa". Wanavijiji wa Ayalandi walipohamia Kiingereza waliunda lao, kwa kuweka kitenzi cha "kufanya" mbele ya kitenzi cha "kuwa", na walimu wakawasahihisha kwa miaka mingi. Kosa hilo la darasani lilikuwa ni sarufi ya methali ikitafuta mahali pa kukaa katika lugha mpya.

Neno moja huweza kubeba hali ya hewa ya nchi. Ar scáth a chéile a mhaireann na daoine hutafsiriwa kwa kawaida "Watu huishi katika kivuli cha wenzao". Scáth ni kivuli, lakini ni kinga pia. Mwavuli kwa Kiayalandi ni scáth fearthainne, "scáth ya mvua". Kwa hiyo mtu anayeishi katika scáth ya mwenzake amejikinga na mvua na upepo wa bahari ya Atlantiki. Neno la Kiswahili mwavuli nalo lina mzizi mmoja na kivuli, ila kilichokuwa kikikimbiwa pwani ni jua. Mfasiri wa Kiswahili akiandika "kivuli" atakuwa sahihi kwa namna ambayo mfasiri wa Kiingereza hawezi kuwa, kwa kuwa katika Kiswahili mtu akikaa kivulini amestarehe, na akiwa chini ya kivuli cha mtu amehifadhiwa.

Hayo yote orodha inayatunza. Isichotunza ni tendo. Ní thuigeann an sách an seang, "Aliyeshiba hamwelewi aliyekonda", ni jozi kamili ya Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na yenyewe hutaja mwili unaoonekana badala ya njaa inayosikika. Katika orodha ya mtoto ni mstari wenye nambari. Je, ilitamkwa na babu aliyepokea kumbukumbu za njaa kutoka kwa wazazi wake? Ilielekezwa kwa mwenye ardhi, kwa serikali, au kwa mtoto aliyekataa chakula mezani? Methali hiyo inaweza kuwa kilio, shutuma au mzaha wa jikoni, na nambari iliyo kando yake haisemi ni ipi. Mair, a chapaill, agus gheobhaidh tú féar, "Ishi, ewe farasi, nawe utapata majani", ni hatari zaidi kwa msomaji wa orodha. Ikisomwa kwa maandishi matupu ni neno la subira. Kwa wanaoitumia ni kejeli kwa ahadi za uongo: farasi atakuwa amekufa kabla majani hayajaota. Ni ndugu wa Ngoja ngoja yaumiza matumbo, si wa Subira yavuta heri, na hakuna neno hata moja ndani yake linaloonyesha hivyo.

4.0 Chini ya vichwa vya kazi

Ukurasa mwingine wa daftari ileile una kichwa cha usukaji wa maziwa. Mtoto anaeleza pipa la mbao, urefu wake, mchi wake, na siku za juma ambazo mama husuka. Kisha anasema kwamba mgeni akiingia wakati huo ni lazima ashike mchi na kusuka kidogo, na aseme maneno ya baraka. Kwa Kiayalandi maneno hayo ni Bail ó Dhia ar an obair, "Baraka ya Mungu iwe juu ya kazi". Asiyeyasema hushukiwa kwamba amekuja kuchukua siagi, yaani bahati ya siagi: maziwa ya nyumba hiyo yatasukwa hadi jioni bila kushika, na siagi itaongezeka katika pipa la jirani. Siku ya kwanza ya Mei hofu hiyo ilizidi, na nyumba nyingi hazikumruhusu mtu kutoka na kaa la moto wakati maziwa yakisukwa.

Hapo semi ina kila ambacho orodha iliinyima. Yupo msemaji, mgeni. Yupo msikilizaji, mwenye nyumba. Upo wakati, upo mchi mkononi, na ipo gharama ya kunyamaza. Pole na kazi ya Kiswahili ina wajibu wa kijamii unaofanana na huu, kwa kuwa kuwapita wanaolima bila kuitamka ni ukosefu wa adabu. Lakini semi ya Kiayalandi inakaribia pia Mashallah, inayotamkwa ili sifa isigeuke husuda. Anayemsifu ndama au mtoto wa mwenzake bila kuongeza baraka anaweza kudhaniwa ana drochshúil, "jicho baya". Kwa hiyo baraka ileile ni salamu, ni adabu na ni ushahidi wa kutokuwa na hatia. Watoto wengi waliopewa mada ya methali hawakuiorodhesha, na kwa haki: haikuwa methali. Haikuwa pia sala, wala ngano. Ilikuwa ni kitu kinachosemwa, na mada 55 hazikuwa na kisanduku cha vitu vinavyosemwa.

Minada ya mifugo hutoa mfano mwingine. Bei ilijadiliwa mbele ya watazamaji, mtu wa kati akawasukuma muuzaji na mnunuzi wakaribiane, mikono ikapigwa, na muuzaji akarudisha sarafu kidogo ya bahati. Ná díol do chearc lá fliuch, "Usimuuze kuku wako siku ya mvua", ni methali ya mahali hapo. Kuku aliyelowa manyoya yamemganda naye huonekana nusu ya alivyo. Ikitolewa mnadani ni ushauri wa biashara. Ikisemwa nyumbani kwa msichana anayeharakishwa kuolewa au kwa kijana anayetaka kuuza shamba baada ya mavuno mabaya, ni jambo zito zaidi. Kuijua maana ya kwanza ni sharti la kuipata ya pili, na ni kurasa za minada zinazoifundisha maana ya kwanza.

Misemo ya hali ya hewa ni ya mahali hasa. Mbayuwayu wakiruka chini, mvua. Paka akikaa ameupa moto mgongo, mvua. Masizi yakianguka kutoka bombani, mvua. Ayalandi ishara nyingi huishia hapo. Lakini pamoja na ishara hizi za jumla kila kitongoji kina kilima chake: kikivaa wingu, au kikionekana karibu kuliko kawaida, watu hawakati nyasi siku hiyo. Semi ya aina hii haiwezi kuhama. Ukiichukua maili 20 mashariki inakuwa uongo, kwa sababu kilima kiko upande mwingine.

Kuna pia misemo inayotegemea kisa. Vijijini mtoto mtundu hutishiwa kwamba atapewa kile ambacho Paddy aliipa ngoma. Hakuna anayeuliza Paddy ni nani. Ngoma hupigwa, na hilo linatosha. Utakiona cha mtema kuni hufanya kazi hiyohiyo: kitisho huwa kikubwa kwa kuwa kilichompata mtema kuni hakitajwi. Misemo hii miwili imeenea kiasi kwamba haihitaji tena kisa. Ila pembezoni mwake ipo mingine isiyohesabika iliyotaja jina la mtu wa kijiji kimoja tu, mtu aliyejulikana kwa uzembe, ubahili au bahati mbaya. Aliyemjua alicheka. Mtoto alipoiandika bila kisa, akidhani kila mtu anamjua jirani yake, aliacha sentensi ambayo leo ni kufuli lisilo na ufunguo.

5.0 Vitendawili na uvukaji wa lugha

Vitendawili vilikuwa vya usiku wa baridi. Majirani walikusanyika katika nyumba moja, desturi inayoitwa airneán katika sehemu nyingi na bothántaíocht huko Munster, wakazunguka moto wa mboji iliyokaushwa. Watu wazima walikuwa na ngano. Vitendawili viliachiwa zaidi watoto. Vernam Hull na Archer Taylor walichapisha mkusanyiko wa vitendawili vya Kiayalandi mwaka 1955, wakivipanga kwa kile ambacho jambo linafananishwa nacho: mtu, mnyama, mmea, kitu. Mpango huo una kasoro zake, lakini unaonyesha jambo ambalo mpangilio wa majibu ungelificha, yaani kwamba uhai wa kitendawili umo katika mlinganisho.

Mfano maarufu ni wa ngazi. Chuaigh mé suas an bóithrín, tháinig mé anuas an bóithrín, agus thug mé an bóithrín liom ar mo dhroim: "Nilipanda kijia, nikashuka kijia, nikakibeba kijia mgongoni". Bóithrín ni udogoishaji wa bóthar, "barabara", neno linalotokana na bó, "ng'ombe". Kiambishi -ín kinafanya kazi ya ki- katika kijia. Mlinganisho wa njia na kitu kinachobebeka umo pia katika Kamba yangu ndefu haifungi kuni, ila kwa kinyume: Mswahili anaificha njia ndani ya kamba, Mwayalandi anaificha ngazi ndani ya njia. Kitendawili cha ngazi kilivuka kwenda Kiingereza bila kujeruhiwa, kwa sababu njia, kupanda na mgongo vipo katika kila lugha. Na Kiingereza cha vijijini kilikuwa kimekwisha kulikopa neno bóithrín lenyewe.

Ndivyo ilivyo kwa moshi unaoijaza nyumba lakini haujazi kiganja. Ndivyo ilivyo kwa dirisha, lisilokuwa ndani wala nje, na kwa ng'ombe mwenye wanne wanaotembea (miguu), wanne wanaoning'inia (chuchu) na wawili wanaoonyesha njia (pembe). Kitendawili cha ng'ombe kimeenea Ulaya kaskazini kote, na mwenzake umo katika fasihi ya kale ya Iceland. Kwa hiyo haifai kusema kwamba Mkusanyiko wa Shule una vitendawili vya Ayalandi kwa maana ya vitendawili vilivyozaliwa huko. Vingi viliingia kwa Kiingereza kutoka Uingereza na Skoti, vikiwa na vina vyao tayari, vikakaa pamoja na vilivyotafsiriwa kutoka Kiayalandi, na mtoto wa mwaka 1938 hakuwa na sababu ya kuvibagua.

Kitendawili hubeba tarehe pia. Kimoja kinachorudiwa sana huuliza kitu cha mviringo kama tufaha na bapa kama kikaango, upande mmoja mwanamke, upande mwingine mwanamume. Jibu ni peni. Sarafu inayokusudiwa ni ya Uingereza, yenye kichwa cha mfalme upande mmoja na sanamu ya Britannia upande wa pili. Dola mpya ya Ayalandi ilitoa sarafu zake mwaka 1928, na peni yake ina kinubi upande mmoja, kuku na vifaranga upande mwingine. Watoto walioandika kitendawili hicho miaka kumi baadaye wangeweza kuwa na peni ya kuku mfukoni. Sarafu za zamani zilikuwa bado zikitumika, lakini hilo pekee si maelezo ya kutosha: kitendawili hakikukaguliwa dhidi ya dunia kila kilipotegwa. Kilitegwa kwa sababu jibu lake lilijulikana.

Kundi la mwisho ni jipya zaidi. Daftari nyingi zina maswali ya herufi: kitu gani kiko katikati ya jina la mji fulani, jibu likiwa ni herufi iliyo katikati ya tahajia yake. Hakuna mlinganisho hapo, na bibi asiyejua kusoma hawezi kulijibu wala kulitega. Swali la namna hiyo lilizaliwa shuleni na katika magazeti, kwa Kiingereza, na haliwezi kugeuzwa Kiayalandi kwa kuwa tahajia hubadilika. Hapa kitendawili, kilichokuwa kikivuka lugha kwa wepesi kuliko methali, kinapoteza uwezo huo palepale kinapoacha taswira na kushika herufi. Kwa hiyo kinachoamua uvukaji ni kile ambacho semi imesimama juu yake, wala si utanzu wake. Mair, a chapaill ni methali, nayo ilivuka salama ikiwa na farasi wake. Kiingereza cha vijijini kinaitumia hadi leo, kejeli yake ikiwa nzima. Is fearr an tsláinte ilibidi ibaki na vina vyake katika Kiayalandi.

6.0 Neno la kale katika chumba cha mtihani

Kwa Waayalandi wengi leo methali ni kitu cha darasani. Wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wa mwisho wa sekondari hukariri seanfhocail za kupamba insha, kama ambavyo mtahiniwa wa kidato cha nne nchini Kenya hutakiwa kutunga kisa kitakachodhihirisha maana ya methali. Tofauti ni kwamba mtahiniwa wa Kenya hulazimishwa kutunga hali ambamo methali ingesemwa, na kwa namna hiyo mtihani humrudishia muktadha kwa mlango wa nyuma. Wa Ayalandi huweza kuichomeka mwishoni mwa aya na kuendelea. Tayari mwaka 1941 riwaya ya An Béal Bocht, iliyotolewa kwa jina la Myles na gCopaleen, ilikejeli misemo iliyochakaa ya vitabu vya wasifu wa vijijini magharibi.

Na bado semi hujitetea kwa njia zake. Níl aon tinteán mar do thinteán féin, "Hakuna meko kama meko yako mwenyewe", huenda ndiyo methali inayofundishwa kuliko zote. Wanafunzi wameigeuza: Níl aon tóin tinn mar do thóin tinn féin, "Hakuna tako linalouma kama tako lako mwenyewe linalouma". Mzaha huo unategemea sauti tu, tinteán na tóin tinn, na hauwezi kufanywa kwa Kiingereza hata kidogo. Anayeucheka anajua Kiayalandi cha kutosha kusikia kwamba silabi zimepinduliwa. Hakuna mwongozo wa mtihani unaoutaja, nao husambaa kwa mdomo, kutoka kwa mtoto kwenda kwa mtoto, katika ua wa shule. Kwa kipimo chochote cha fasihi simulizi, nakala hiyo ya kihuni iko hai kuliko methali iliyoizaa.

Kurasa za mwaka 1937 hadi 1939 sasa zinanakiliwa kwa chapa na watu wanaojitolea kupitia mradi wa dúchas.ie uitwao Meitheal. Neno hilo ni jina la kale la kundi la majirani wanaokusanyika kuvuna au kukata mboji ya mmoja wao bila malipo, na Kiswahili kingeliita ujima. Kabla ya unakili huo mtafiti alilazimika kuingia kwa kichwa cha mada: aliyetaka methali alifungua kurasa za methali. Ukurasa wa usukaji wa maziwa ukishanakiliwa, maneno ya baraka yaliyomo ndani yake hutafutika kama maneno mengine, popote mtoto alipoyaandika na kwa tahajia yoyote ambayo mnakili ameitambua. Upande wa tahajia kazi ni kubwa, kwa kuwa watoto waliandika lahaja za kaunti zao kabla ya usanifishaji wa miaka ya 1940 na 1950, na wengi waliandika maneno ya Kiayalandi kwa herufi za Kiingereza, kama walivyoyasikia jikoni.